Jina Liko CRB, Akiba Iwekwe Wapi?

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Akina mama kumi na wawili wa chama kimoja wanatuma mchango wa wiki, shilingi 500 kila mmoja, kwa simu ya mweka hazina. Ujumbe wa kwanza unaingia: amepokea 500. Kabla hajaweka simu mezani, mwingine unafuata: 500 imetumika kulipa deni la Fuliza. Mchango wa pili unaingia na kumezwa. Wa tatu, wa nne. Wa tano unaliwa 300, zinabaki 200. Deni lilikuwa 2,300, na kufikia saa moja usiku mwenye zamu ya kupokea 6,000 anaambiwa kuna 3,700 tu, zilizobaki ataletewa kesho.

Anayeishi Kenya hahitaji kuelezwa kisa hiki kilitokea mtaa gani. Hakuna aliyeiba. Fuliza, huduma ya M-Pesa inayomruhusu mtu kutumia zaidi ya salio lake, ilianza Januari 2019, Safaricom ikiwa na benki mbili nyuma yake, na masharti yake ni kwamba pesa yoyote inayoingia kwenye laini yenye deni hulipa deni kwanza. Mwenye laini alikubali masharti hayo siku alipobonyeza kujiunga. Lakini sasa mama huyo ana deni la pili, kwa wenzake, na hilo linauma kuliko la kwanza kwa sababu hukutana nao kisimani na kanisani.

Mtu mwenye rekodi mbaya ya mikopo anapotafuta mahali pa kuweka akiba, swali la kwanza analoulizwa na rafiki huwa ni riba: benki gani inalipa vizuri? Swali hilo linaweza kusubiri. Kwa mtu aliye katika hali hiyo, la kuanza nalo ni hili: shilingi ikiingia, ni nani mwenye haki ya kuigusa kabla yake?

Wakenya husema "niko CRB" kama anayetaja gereza, ilhali CRB ni mashirika yanayotunza kumbukumbu za mikopo. Kwa kweli karibu kila aliyewahi kukopa benki yumo katika kumbukumbu za mashirika hayo, aliyelipa na asiyelipa, kwani kanuni za mwaka 2013 ziliruhusu habari njema zipelekwe pamoja na mbaya. Mashirika yenye leseni ni matatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kinachomtia mtu doa ni mkopo uliolala bila kulipwa, kwa kawaida zaidi ya siku 90. Na waliotiwa doa si wachache. Novemba 2022, Benki Kuu ya Kenya ilipotangaza mpango wa kuwasafishia majina waliokwama kwenye mikopo ya simu, ilihesabu wakopaji milioni 4.2, na ikazitaka benki ziwasamehe angalau nusu ya deni kama wangelipa nusu nyingine kufikia mwisho wa Mei 2023. Wengi wao walikuwa wameangushwa na vijisenti: mkopo wa kununulia unga, wa nauli, wa kumlipia mtoto pesa za mtihani.

Kati ya watu hao kuna imani iliyoenea kwamba aliye CRB hawezi kufungua akaunti. Si kweli, na imani hiyo imewafanya wengi waendelee kuweka pesa chini ya godoro au ndani ya laini ileile inayomezwa na Fuliza. Anayeweka akiba hakopi. Yeye ndiye anayeikopesha benki. Ndiyo maana kwa akaunti ya kawaida ya akiba benki huomba kitambulisho cha taifa, PIN ya KRA, namba ya simu na pengine picha, basi. Karani anayedai cheti cha CRB ili mtu aweke shilingi 1,000 kwenye akaunti isiyo na mkopo wowote anastahili kuulizwa kwa upole sharti hilo limeandikwa wapi, na asipokuwa na jibu, benki ya pili iko ng'ambo ya barabara.

Akaunti ya hundi ni habari nyingine. Hapo benki humpa mteja kitabu ambacho kwacho anaweza kuahidi pesa asizokuwa nazo, kwa hiyo ina sababu ya kuchungulia rekodi yake. Hundi iliyorudi kwa kukosa pesa hupelekwa CRB kama mkopo uliokwama, na kuitoa kwa kujua ni kosa la jinai. Mwenye jina lenye doa hana haja ya kuingia kwenye mlango huo. Akaunti ya akiba yenye kadi ya ATM, isiyo na hundi na isiyoruhusu kutoa zaidi ya kilichomo, inamtosha. Karani akimwambia "tutakuongezea na uwezo wa kukopa kidogo ukikwama," akatae hapo hapo na ahakikishe fomu imeandikwa hivyo.

Sasa kuna kosa ambalo hata wasomi hulifanya, na ndilo lililostahili kuandikwa kwa wino mwekundu: kuweka akiba mahali penye deni. Mikataba mingi ya mikopo huipa benki ruhusa ya kukata kwenye akaunti yoyote ya mdaiwa iliyo ndani ya benki hiyohiyo. Mwalimu anayedaiwa mkopo wa simu anaweza kwenda tawini akiwa na 15,000 alizopata kwa kusahihisha mitihani, akafungua akaunti mpya ya akiba kwa nia safi kabisa, na baada ya siku chache akakuta salio halipo. Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuiona akiba iliyolazwa kitanda kimoja na deni.

Ugumu ni kwamba jina la mkopo halifanani kila mara na jina la benki. M-Shwari, iliyozinduliwa Novemba 2012, ni ya NCBA, iliyokuwa ikiitwa CBA wakati huo. KCB M-Pesa ni ya KCB, na hiyo angalau inajitaja. Fuliza ina benki hizo mbili kwa pamoja. Kwa hiyo anayedaiwa M-Shwari na kwenda kufungua akaunti NCBA ameenda nyumbani kwa anayemdai. Kabla ya kuchagua pa kuweka, mtu akae chini na karatasi, aandike kila mkopo anaodaiwa na mbele yake aandike benki iliyoutoa. Karatasi hiyo itamfutia benki mbili au tatu kwenye orodha, na zitabaki za kutosha.

Hili halimaanishi kuwakimbia wadai. Dawa ya deni ni kulipa, na makala haya yatafika huko. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayelipa 1,000 kila mwezi kwa mpango aliokubaliana na benki, na mtu anayeshtukia pesa ya kodi ya nyumba imekatwa tarehe tatu, naye akakimbilia mkopo mwingine tarehe nne ili mwenye nyumba asimfungie mlango. Wa kwanza anatoka shimoni. Wa pili anachimba.

Nchini Kenya kuna taasisi moja ambayo watu wenye madeni huisahau kwa sababu inaonekana ya kizamani: Postbank, benki ya akiba ya posta, iliyoanzishwa 1910. Wazee wengi bado wana kitabu chake kabatini. Tofauti yake na benki za biashara ni kwamba iliundwa kwa sheria yake ili ipokee akiba, si kukopesha. Asiyekopa pale hana deni la kukatwa pale, na mtu ambaye kila akifungua simu anabembelezwa kukopa hupata utulivu fulani kwenye benki isiyo na cha kumbembelezea. Sheria hiyo pia inaifanya serikali kuwa mdhamini wa amana zake. Upande wa pili nao usemwe: ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Serikali zimekuwa zikitaja hasara za benki hiyo, na anayezoea kufanya kila kitu kwa simu anaweza kuona huduma zake ziko nyuma. Kwa akiba ya miezi sita ya karo, inafaa kuulizia.

Halafu kuna Sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, na hapa inafaa kukaa kidogo, maana ndipo wenye majina mabaya hupata nafuu kubwa kuliko kwingine na ndipo wengine huungua.

Ndani ya Sacco kuna mifuko miwili ambayo mgeni huichanganya. Upo mfuko wa akaunti ya kawaida, ambao mwanachama huweka na kutoa apendavyo kama benki. Na kuna akiba ya uanachama, ile ya kila mwezi, isiyotolewa ovyo: huwa ndiyo msingi wa kukopa, mara nyingi hadi mara tatu yake, na anayetaka kuichukua yote hulazimika kujiondoa uanachama, kwa kawaida kwa notisi ya siku 60. Hisa ni jambo la tatu tena, hizo hazirudishwi, huuzwa kwa mwanachama mwingine. Mtu anayejiunga akidhani 2,000 zake za kila mwezi ataweza kuzitoa Ijumaa mtoto akiugua, kisha akagundua zilienda kwenye mfuko wa pili, atajiona ametapeliwa ilhali fomu ilisema. Swali la kuuliza mlangoni ni jepesi: hizi ninazoweka leo, nikizitaka kesho nitapewa?

Uzuri wa akiba isiyotolewa ovyo ni huohuo ugumu wake. Mtu aliyezoea kujikopa kutoka kwenye kila senti yake hujikuta, baada ya miaka miwili, ana 48,000 ambazo hakuwahi kuzigusa. Na siku ya kukopa ikifika, Sacco nyingi huangalia CRB siku hizi, lakini uzito mkubwa huwekwa kwenye akiba ya mwombaji na kwa wadhamini wake. Watu wanaomjua wanaweza kumwamini pale kompyuta iliposhindwa. Hatari iko upande wa pili wa sarafu hiyo: naye ataombwa kudhamini. Akimdhamini mwenzake na mwenzake akatoroka, akiba yake ndiyo itakayokatwa. Mtu ambaye ndiyo kwanza anajenga upya asiwe mdhamini wa mtu yeyote kwa mwaka wa kwanza, hata wa shemeji. Atalaumiwa kwa siku chache.

Usalama wa Sacco nao uangaliwe. Zinazopokea amana za kutolewa lazima ziwe na leseni ya SASRA, mamlaka inayozisimamia, na orodha yake hutangazwa kila mwaka. Ukaguzi uliofanywa kwenye KUSCCO, umoja ambamo Sacco nyingi zilikuwa zimeweka pesa zake, ulionyesha pengo la zaidi ya shilingi bilioni 13, na Sacco zenyewe zikalazimika kuhesabu hasara. Mwanachama wa kawaida ana haki ya kuuliza kwenye mkutano mkuu: yetu ilikuwa na kiasi gani huko?

Kwenye benki, mwenye akiba ndogo amekingwa vizuri zaidi. Tangu Julai 2020 shirika la bima ya amana, KDIC, humlipa mteja hadi shilingi 500,000 kwa kila benki ikifilisika. Imperial Bank ilipowekwa chini ya usimamizi Oktoba 2015 na Chase Bank ikafuata Aprili 2016, kiwango kilikuwa 100,000 tu, na foleni za wakati huo hazijasahaulika. Bima hiyo haifiki kwenye Sacco, wala kwenye mifuko ya soko la fedha ambayo siku hizi inatangazwa kila mahali.

Mifuko hiyo, inayosimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, haina habari na CRB hata kidogo, na mingine inapokea kiasi kidogo sana. Faida yake mara nyingi huizidi riba ya akaunti ya akiba. Ila mwenye deni la Fuliza akumbuke njia ya kurudi: akitoa pesa kutoka kwenye mfuko kuja M-Pesa, inapita mlango uleule na inaliwa. Aelekeze malipo kwenye akaunti ya benki.

Kuhusu riba yenyewe, matumaini yawe ya kiasi. Sheria ya mwaka 2016 iliyodhibiti riba ililazimisha benki kulipa kiwango cha chini kwa amana, sharti ambalo liliondolewa 2018, na tangu hapo neno "akiba" kwenye jina la akaunti halihakikishi chochote. Ada ndizo za kutazamwa. Tuseme akaunti inatoza shilingi 100 kwa mwezi na inalipa riba ya asilimia 3 kwa mwaka. Mwenye 10,000 atapata riba ya 300, serikali ikate kodi yake ya asilimia 15, zibaki 255. Ada za mwaka ni 1,200. Mtu huyo ameweka elfu kumi na mwisho wa mwaka ana 9,055, na benki imemtumia ujumbe wa Krismasi. Kwa hiyo karani aulizwe ada ya mwezi ni ngapi, kutoa kwa wakala ni ngapi, kuhamishia kwenye simu ni ngapi, kiwango cha chini cha salio ni kipi na kufunga akaunti kunagharimu nini. Benki nyingi zina akaunti isiyo na ada ya mwezi. Si kila mara ndiyo inayotangazwa kwenye bango.

Huku akiba ikikua, jina nalo lisafishwe. Hatua ya kwanza ni kuona kilichoandikwa, kwani kila Mkenya ana haki ya kupata ripoti yake bure mara moja kwa mwaka kutoka kwa kila shirika. Wengine hukuta mkopo walioumaliza zamani bado unasomeka haujalipwa, au namba ya kitambulisho ya mtu mwingine imeingiliana na yao. Kanuni zilizotangazwa Aprili 2020 ziliweka kiwango cha chini: deni lisilofika shilingi 1,000 halistahili kumpeleka mtu CRB. Cheti cha kuthibitisha jina safi nacho, kile kinachoombwa na waajiri, kikaamriwa kitolewe bure kwa anayekichukua mara ya kwanza. Na mkopeshaji lazima amwarifu mdaiwa siku 30 kabla ya kumpeleka. Aliyeshtukizwa ana hoja.

Deni likiwa la kweli, mtu aende kuzungumza akiwa amejua jambo moja ambalo makarani wa kukusanya madeni hawalitaji. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinaweka ukomo: mkopo ukishakwama, riba ambayo benki inaweza kudai haizidi salio la mkopo lililokuwepo siku ulipokwama. Aliyekwama akidaiwa 20,000 anaweza kudaiwa riba isiyozidi 20,000 nyingine, pamoja na gharama za kufuatilia. Akionyeshwa hesabu ya 95,000, aombe mchanganuo wa maandishi. Mara nyingi mazungumzo hubadilika sauti hapo. Wakikubaliana kiasi, akubali tu kile anachoweza kulipa mwezi mbaya, si mwezi mzuri, na kila risiti aihifadhi. Akimaliza, adai barua ya kumaliza deni na afuatilie hadi mkopeshaji apeleke taarifa mpya CRB. Historia ya kuchelewa inaweza kubaki kwenye ripoti kwa miaka mitano baada ya kulipa, lakini "alichelewa, akalipa" husomwa tofauti kabisa na "hajalipa".

Wanaojitangaza mitandaoni kwamba watafuta jina CRB kwa 1,500 ni matapeli. Rekodi hurekebishwa na mkopeshaji aliyeipeleka, au na shirika lenyewe baada ya malalamiko kuchunguzwa. Aliyekwisha kupoteza pesa hizo asione haya kulisema, jirani yake naye asije akanaswa.

Baadaye, akiba ikishatulia, inaweza kumrudishia mtu jina kwa njia ya moja kwa moja. Benki na Sacco kadhaa hukopesha kwa dhamana ya akiba ya mteja mwenyewe: ana 20,000 zilizofungwa, anakopeshwa 10,000, analipa kwa miezi sita kwa riba ya chini kuliko ya mkopo wa simu, na malipo mazuri yanaingia kwenye rekodi. Ikumbukwe M-Shwari ilipoanza ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, yaani 375 kwa kila 5,000, na kwa kiwango hicho aliyekopa na kurudisha kila mwezi kwa mwaka mzima alikuwa amelipa 4,500 kwa ajili ya 5,000 zilezile.

Kurudi kwa yule mweka hazina. Wenzake walimpa wiki tatu kurejesha 2,300, naye akarejesha. Kisha chama kikafanya jambo ambalo lingefanywa tangu mwanzo: wakachukua nakala za vitambulisho, kumbukumbu za kikao na cheti cha usajili wa kikundi, wakafungua akaunti ya benki yenye watia saini watatu, wawili wakihitajika kutoa pesa. Sasa michango hutumwa kwa namba ya paybill ya benki, namba ya akaunti ya chama ikiandikwa chini yake. Pesa haipiti kwenye laini ya mtu. Mama huyo bado ndiye mweka hazina, na Jumapili jioni simu yake huingiza ujumbe mmoja tu kwa kila mchango.